Wafuasi 23,000 Instagram, lakini kwa siku nauza pea nne. Nakosea wapi?

#1 KiatuKimoja
Habari wakuu. Nina fremu Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, nashea na jamaa wawili: mimi kona ya viatu, mmoja mabegi, mwingine kava za simu. Akaunti ya Instagram niliifungua 2019 na leo ina wafuasi 23,400. Kuna kijana namlipa 150,000 kwa mwezi apige picha na kuposti, halafu kila wiki nalipia tangazo dola 10. Mwezi uliopita video ya raba nyeupe ilitazamwa mara 61,000. Wiki ile nzima hizo raba zilitoka pea sita.

Kinachoniuma ni hiki. 2018 sikuwa na akaunti wala kijana wa picha. Nilitandika viatu chini, nje ya maduka ya watu, na pea kumi kwa siku zilikuwa zinatoka. Sasa naanza kuamini mitandao inatushibisha laiki tu huku droo tupu. Wenye biashara ndogo, kwenu ikoje? Msije na maneno ya semina, namtaka anayeuza.

#2 Ngoja_Niketi
Ngoja waje wenye biashara zao. Nimekaa mbele kabisa.

#3 PwaguWaPili
Watazamaji 61,000, wanunuzi sita. Mkuu wewe huna duka, una kituo cha televisheni.

#4 MamaKeki_Tabata
Mimi kaka yangu sina hata wafuasi 900, na keki ndizo zinazosomesha wanangu. Ila siuzii Instagram, nauzia stetasi ya WhatsApp. Ijumaa saa kumi jioni naitoa keki ya ndizi kwenye oveni, naikata kipande bado inafuka moshi, napiga picha, naweka. Wanaoitazama ni 180 hivi, wanaoagiza watatu au wanne. Lakini hao ni wenzangu wa jumuiya, mama za wanaosoma na mwanangu, na dada anayenisuka mwaka wa tano sasa. Keki ikitoka mbichi katikati wanajua geti la kugonga. Hao 23,000 wako hawajui unapolala.

#5 Fundi_Matangazo
Mleta uzi, maswali mawili kabla sijakujibu. Kwenye picha unaweka bei? Na hilo tangazo la dola 10, kijana anachagua lengo gani na watu wa wapi?

#6 KiatuKimoja
@Fundi_Matangazo bei tunaandika "njoo inboksi". Lengo sijui, ngoja nimuulize.

#7 PwaguWaPili
NJOO INBOKSI 😂😂😂 Uzi ufungwe, mgonjwa amejitaja mwenyewe.

#8 Binti_Makoroboi
Yaani hapo ndipo mnapotupoteza. Mimi nikiona "bei inboksi" napita. Nikija inboksi unajibu kesho yake saa tano: "mambo mpenzi, unahitaji ipi?" Wakati huo nimeshanunua kwingine na nimeshavaa kanisani.

#9 KiatuKimoja
Jamani nisikilizeni kwanza. Bei siifichi kwa kuringa. Nikiandika 35,000, jirani yangu hapo hapo Aggrey anaandika 34,000 kwa kiatu kilekile kutoka kontena lilelile. Pili, nina wateja wa jumla wa mikoani. Nikiweka bei ya jumla hadharani, wateja wao wanaiona na kuwaletea vurugu dukani: "mbona Kariakoo ni 26,000?" Kila mfanyabiashara wa pale anaelewa hili.

#10 Fundi_Matangazo
Hoja ya jumla nakubali, ila fungua namba nyingine ya jumla na uache ukurasa uwe wa rejareja wenye bei. Jirani bei yako anaijua hata usipoiandika, si mnashea ukuta?

Kuhusu tangazo: ukilipia Instagram inakuuliza unataka watu watembelee ukurasa, waende kwenye tovuti, au wakutumie ujumbe. Ukichagua kutembelea ukurasa inakutafutia watu wenye tabia ya kugusa na kupita, ndio hao 61,000 wako. Kumbuka pia tangu 2016 Instagram iliacha kupanga picha kwa mfuatano wa muda, inampangia kila mtu kulingana na inavyodhani atapenda. Kwa hiyo kuwa na wafuasi 23,000 si kwamba 23,000 wanaona unachoposti.

#11 KiatuKimoja
Nimemuuliza kijana. Lengo ni kutembelea ukurasa. Watu: miaka 18 hadi 65, Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Ndiyo maana nilikuwa naulizwa bei na watu wa Kampala na Lubumbashi, nikadhani nimeshakuwa wa kimataifa.

#12 PwaguWaPili
Dola 10 umewanunulia watu wa Lubumbashi bando la kukuangalia.

#13 Ngosha_Mlipakodi
Mnasahau kodi. Tangu Sheria ya Fedha ya 2022 kila ukilipia tangazo kuna asilimia 2 ya huduma za kidijitali unakatwa wewe. Mzigo unamrudia mdogo siku zote.

#14 Mhasibu_Mstaafu
@Ngosha_Mlipakodi nikurekebishe kidogo. Ile asilimia 2 iko kwenye mapato ya mtoa huduma wa nje ambaye hana makazi nchini, analipa yeye. Kama anaipachika kwenye bei yake ni jambo lingine, lakini kisheria si makato ya mnunuzi wa tangazo. Na kwa muuzaji mdogo wa mtandaoni, makadirio ni yaleyale ya mwenye fremu: mauzo yakiwa hayazidi milioni 4 kwa mwaka, kodi ya makadirio ni sifuri. Wenzetu wa Uganda ndio walibebeshwa moja kwa moja: Julai 2018 walianza kulipa shilingi 200 zao kwa siku ili waingie WhatsApp na Facebook. 2021 ikafutwa, badala yake ikaja asilimia 12 kwenye bando.

Sasa nikugeukie mleta uzi. Umesema 2018 ulikuwa unauza pea kumi. Uliziandika wapi?

#15 KiatuKimoja
Kichwani mzee wangu. Shikamoo.

#16 Mhasibu_Mstaafu
Marahaba. Kichwa cha mfanyabiashara hukumbuka siku za sikukuu na kusahau za mwezi Januari. Nunua daftari la 2,000. Kila anayenunua muulize umetujuaje, andika, na kiasi alicholipa. Wiki mbili tu. Bila hivyo hapa tunabishana na ndoto yako.

#17 Binti_Makoroboi
Hata akiandika, tatizo la kweli mnaliogopa kulitaja: UTAPELI. 2022 niliona gauni kwenye ukurasa wenye wafuasi zaidi ya laki moja, picha kali, komenti za kusifia kibao. Nikatuma 85,000. Nikaletewa picha ya risiti ya basi, mzigo unakuja Mwanza. Nikaenda Nyegezi siku mbili mfululizo, konda ananiangalia kama chizi. Kurudi kwenye ukurasa, nimeblokiwa. Komenti zote za kusifia ziliandikwa na wao wenyewe. Tangu hapo sitoi hela kwa mtu ambaye hajuani na ndugu yangu. Wewe KiatuKimoja unaweza kuwa malaika, lakini mwizi amepita njia hiyohiyo kabla yako.

#18 PwaguWaPili
"Ile hela tuma kwenye namba hii."

#19 Bodaboda_Buguruni
Mimi ndiye ninayepeleka hizo mizigo yenu, niwaambie upande wa pili. Mteja anasema "nalipa ukifika". Nimetoka Kariakoo mpaka Kimara na viatu, jua kali, nafika getini napiga simu, inaita, inaita, inazimwa. Pazia linacheza dirishani, namuona. Nikarudi navyo. Mwenye duka anataka kunilipa nauli ya kwenda tu, eti ya kurudi ni bahati mbaya yangu. Siku hizi nachukua nauli kwanza ndipo nawasha pikipiki.

Na jingine, nauli ya Kariakoo mpaka Bunju ni hela ya maana. Kiatu 35,000 ukiongeza boda kinakuwa kiatu kingine kabisa. Mtu anaona bora asubiri siku akija mjini.

#20 MamaKeki_Tabata
@Bodaboda_Buguruni kaka, niliwahi kutuma keki ya ghorofa mbili Mbagala na boda. Ilifika ghorofa moja na nusu. Mama mtu alinipigia analia, birthday saa kumi, saa ilikuwa tisa na robo. Tangu siku hiyo nikiona oda inavuka Mto Msimbazi nakataa. Kwa hiyo hata wanitazame watu milioni, mimi soko langu ni Tabata, Segerea na Kinyerezi. Ndivyo ilivyo.

#21 Msomi_Goba
Dada yangu basi tumia orodha ya kutangazia ya WhatsApp, tuma kwa watu wote elfu kwa mpigo, utakua haraka.

#22 Fundi_Matangazo
Hapana mkuu. Ile orodha inachukua namba 256 tu, na anayepata ujumbe ni yule aliyeisevu namba yako. Asipokusevu haufiki, na huambiwi. Stetasi nayo ndivyo, lazima msevuane. WhatsApp ya biashara iliyokuja 2018 imeongeza katalogi na majibu ya haraka, ila ukuta huo upo palepale. Ndiyo maana stetasi inauza vizuri lakini haikui: wanaokuona ndio walewale wanaokujua.

#23 Shiro_wa_Gikomba
Sasa wadau, salamu kutoka Nairobi. Huku mimi huuza mitumba, na belo hufungulia kwa TikTok laivu saa tatu usiku. Kila nguo napatia namba. Mtu anaandika namba kwa komenti, wa kwanza ndiye mwenyewe, analipa kwa till, namba yangu ya malipo ya simu, palepale. Dakika kumi zikipita hajalipa, inaenda kwa wa pili. Nguo za kamera huisha kwa saa moja, zile zimebaki nabeba Gikomba asubuhi. Lakini wacha niwaambie ukweli: laivu ikionyesha watu 700, wenye wananunua ni kama ishirini, na ni walewale kila wiki. Nawajua kwa majina, nawajua hadi saizi. Hao wengine wamekuja kuniangalia nikicheka.

#24 Bint_Unguja_Muscat
Mie nipo Muscat. Madera nachukua kwa bibie mmoja wa Darajani, ana kundi la WhatsApp la wateja wa huku. Pesa nampa dada yake aliyepo Ruwi, mzigo unakuja kwenye begi la msafiri. Hana Instagram kabisa, na sisi tunangoja zamu. Kwa hivyo mie naona jambo ni kujuana, si mtandao.

#25 Mzee_Gerezani
Wanangu, nauza vyombo tangu 1994. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi mteja tulimpata kwa kauli na kwa kumkopesha kidogo. Huyu mleta mada alipotandika chini alikuwa anaita watu, anawavalisha kiatu kwa mkono wake. Leo amekaa ndani anaangalia simu. Pea kumi zile zilikuwa za mdomo wake.

#26 Msomi_Goba
Mzee shikamoo, ila na sisi tulilelewa na "biashara ni matangazo". Na alipokuwa ametandika chini hakuwa analipa kodi ya fremu wala kilemba cha kuachiwa fremu, bei yake ilikuwa chini. Tena sasa hivi watu hawana hela. Vyuma vimekaza kwa wenye akaunti na wasio na akaunti. Kwa nini Instagram ibebe lawama za mfuko wa mteja?

#27 PwaguWaPili
Weka jezi za Yanga uone kama vyuma vimekaza.

#28 Winga_Msimbazi
Naomba nisipigwe mawe. Mimi ni winga. Sina fremu, sina mzigo, nina simu na wafuasi 4,000. Napita kwenye kurasa za wenye fremu kama mleta uzi, nachukua picha, naongeza 5,000 juu. Mteja akilipia nakimbia kuchukua kiatu. Siku mbaya pea saba, nzuri kumi na tano.

Siri yangu moja tu. Najibu ndani ya dakika moja, hata kama niko msalani. Na mteja wa mikoani akianza kusitasita, naenda dukani nampigia video ya kiatu chenyewe, nimekiwekea karatasi yenye jina lake na tarehe ya leo. Akiona jina lake juu ya soli, hela inaingia.

#29 KiatuKimoja
Wewe! Kuna akaunti niliikuta na raba zangu nyeupe. Kidole gumba kilichoshika soli ni changu, kina kovu la kisu cha kufungulia maboksi.

#30 Winga_Msimbazi
Gumba la kushoto?

#31 KiatuKimoja
La kushoto.

#32 Winga_Msimbazi
Basi bosi mimi ni mteja wako wa karibu kila siku, tuheshimiane. Nikifika huwa unanipunguzia 2,000.

#33 Ngoja_Niketi
Siwezi kuondoka kwenye huu uzi 🤣🤣

#34 Ngosha_Mlipakodi
Tukicheka tukumbuke pia hii nyumba si yetu. Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vilianguka kwa pamoja kama saa sita, kwetu ilikuwa jioni mpaka usiku. Shemeji yangu anauza chipsi kwa oda za WhatsApp, viazi alivyokwisha menya vilikesha kwenye beseni. Halafu Oktoba 29, 2025 siku ya uchaguzi intaneti ilipozimwa nchi nzima, wenye kutegemea simu tu walikaa siku kadhaa bila hata salamu ya mteja. Machinga wa chini angalau akitoka anauza.

#35 Binti_Makoroboi
Siku zile nani alitoka kuuza? Acha chai.

#36 Msimamizi
Tubaki kwenye biashara wakuu. Ya uchaguzi yana jukwaa lake.

#37 KiatuKimoja
Nimerudi, wiki mbili zimeisha. Mzee Mhasibu daftari hili hapa. Wateja 61. Wapita njia 29. Wateja wa zamani wanaopiga simu 14. Walioletwa na mawinga 9. Waliosema wametuona Instagram 9. Nilitaka nije kufunga uzi kwa kusema si mnaona, Instagram ni mmoja kati ya saba.

Lakini nilipopiga hesabu ya hela nikanyamaza. Mauzo yote ni 2,710,000. Wale tisa wa Instagram peke yao 904,000, theluthi nzima. Wanane walichukua pea moja moja. Wa tisa ni mama wa Dodoma, ana duka lake, alichukua pea 24 za jumla. Anasema ameanza kutufuatilia 2021, hajawahi kulaiki wala kukomenti hata mara moja.

#38 Fundi_Matangazo
Si ndiyo hayo! Miaka yote anakupima kimyakimya kama upo, kama mzigo unabadilika. Huyo hangekuona Aggrey.

#39 Mhasibu_Mstaafu
Taratibu. Mteja mmoja si mwenendo. Muondoe mama wa Dodoma, Instagram inabaki 280,000, hapo bado hujatoa tangazo la dola 20 na nusu ya mshahara wa kijana. Angalia na mwezi ujao kama atarudi.

#40 Shiro_wa_Gikomba
Na hao wapita njia 29 uliwauliza vizuri? Mtu anaweza kuona kiatu kwa simu Jumatatu, akapita hapo Alhamisi akasema "nilikuwa napita tu".

#41 KiatuKimoja
Dada umegusa penyewe. Kati ya hao 29, kuna kama wanane waliingia wameshika simu, wananionyesha picha: "kama hiki kipo?" Mbili zilikuwa picha zangu. Tatu za jirani. Zilizobaki zilikuwa na jina la huyu Winga limeandikwa kwa rangi nyekundu katikati ya kiatu. Niliwaweka wapita njia kwa sababu walikuwa wanapita. Sikujua pa kuwaandika.

#42 Mzee_Gerezani
Na ulipowavalisha kiatu, walinunua?

#43 KiatuKimoja
Wote wanane mzee. Mmoja alichukua na soksi.

#44 Mzee_Gerezani
Basi mimi sina la kuongeza.

#45 Winga_Msimbazi
Mzee anajifanya ameshinda wakati picha zilikuwa zangu.

#46 MamaKeki_Tabata
Kaka, na kijana wa picha umemfanyaje?

#47 KiatuKimoja
Nimembakiza. Asubuhi anajibu inboksi, mchana anasimama mlangoni anaita watu. Amenuna, anasema yeye ni mtu wa maudhui. Tangazo nimeliweka Dar na Dodoma tu, lengo la ujumbe. Na bei nimeanza kuandika, jirani ameshashusha elfu moja kama nilivyosema.

#48 Binti_Makoroboi
Hongera kwa kuweka bei. Zile raba nyeupe namba 38 ipo? Ntamtuma mdogo wangu anayesoma hapo Dar aje mwenyewe, hela simtumii mtu.

#49 KiatuKimoja
Ipo dada. 35,000.

#50 Binti_Makoroboi
Mwisho?